Sehemu Moja ya Sita

Karakana, 6 Februari 2008

Mdogo wangu Jogoo,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Huku tunapumua. Mpwa wako ameota meno ya utu uzima na ulimi wa kunijibu, vyote kwa mpigo. Paa la karakana linavuja pale pale ulipoziba wewe, kwa hiyo tunakukumbuka kila tukiloa.

Mume wangu hali yake ni ile ile. Taya liliunga vibaya, mkono wa kulia umelala, na jicho la kulia halipo. Tangu siku ile hajatamka neno. Namlisha uji kwa kijiko, nusu unaingia na nusu unamtiririkia shingoni. Watu bado wanamwita Taratibu, ila siku hizi hawacheki wakimwita. Sitaki kulirefusha hili, maana nikilirefusha nitaichana karatasi.

Kilichonifanya nishike kalamu ni kodi. Alikuja bwana mmoja wa ofisi ya kodi, mpole kabisa, akaniambia hesabu zetu za VAT za miezi mitatu hazijapelekwa, na nikizidi kuchelewa mlango utafungwa kwa kufuli lao. Unajua hesabu zile zilikuwa za mume wangu. Mimi najua kupanga bei ya geti, kukata chuma na kumtimua mteja mwenye domo. Hiyo kodi ya ongezeko la thamani nimeisikia ikitajwa kila mwisho wa mwezi, miaka nenda miaka rudi, na sikuwahi kuitegea sikio. Wewe ndiye uliyesimama mahakamani ukasema unaijua. Basi nifundishe.

Kuna jambo jingine. Afisa ustawi ameniletea karatasi ya msamaha. Aliyeumizwa akiweka dole gumba, na mimi mkewe nikatia saini chini yake, kifungo chako kitapunguzwa na utatoka kabla mwaka huu haujaisha. Nimeiweka kwenye kabati la vikombe. Naiangalia tu kwa sasa.

Ni mimi dada yako


Gerezani, 27 Februari

Dada, shikamoo.

Nimefurahi mpaka nimeona haya. Msalimie mpwa wangu, mwambie akikujibu tena mjomba atashughulika naye. Mimi ni mzima kwa kipimo cha huku, na mzima huku ni yule ambaye meno yake bado anayo. Juzi kwenye foleni ya maji mtu alinipita makusudi. Nilimshika kisogo nikamzamisha kichwa kwenye ndoo mpaka miguu ikaanza kurusha mateke, ndipo askari wakanivuta. Usishtuke, hakufa. Sasa ananiita kaka.

Tuje kwenye kodi. Sikiliza vizuri, ni rahisi kuliko wanavyowatisha watu. Kodi ile si yako. Anailipa mteja, wewe unaishikia serikali tu. Ukiuza geti unaikusanya. Ukinunua chuma, wewe nawe unakuwa umeilipa kwa mwenye duka la chuma. Mwisho wa mwezi chukua uliyokusanya, toa uliyolipa, inayobaki peleka.

Ile uliyolipa haina shida, maana risiti za duka la chuma zinaionyesha peke yake pale chini. Shida ni ile tunayokusanya. Sisi mteja tunamtajia bei moja tu, kodi ikiwa imo humo humo ndani, na hapo ndipo mwizi hujificha. Kiwango ni asilimia ishirini. Asilimia ishirini ni moja ya tano, hilo hata mpwa wangu analijua. Kwa hiyo chukua pesa zote ulizouza, gawa kwa tano. Geti la laki moja na ishirini elfu, serikali ina elfu ishirini na nne humo. Umemaliza.

Ndivyo nilivyomkamata mume wako. Mauzo ya mwaka mzima yalikuwa milioni thelathini na sita. Gawa kwa tano, unapata milioni saba na laki mbili. Toa kodi ya manunuzi, milioni mbili na laki nne. Zinabaki milioni nne na laki nane. Stakabadhi za benki zinaonyesha alipeleka milioni tatu na laki sita. Milioni moja na laki mbili ziko wapi, dada? Alizila huku anatutazama machoni na kutuuliza kama tumeshiba.

Hiyo karatasi usiiweke na vikombe. Kama mkono wake hauna nguvu, ushike wewe, uchovye kwenye wino, ugandamize. Hakuna atakayeuliza.

Mdogo wako


Karakana, 2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimechelewa kukujibu kwa sababu mbavu zilikuwa zinaniuma nikiinama mezani. Mpwa wako yuko salama, nilimfungia chumbani kabla mambo hayajaharibika.

Walikuja kaka zake mume wangu, wote wawili. Walisema wanamchukua ndugu yao, hawamwachi kwa ukoo uliomuua nusu. Nikawaambia mgonjwa haondoki kwangu. Mkubwa akanishika nywele akanibamiza kwenye meza ya kulehemia, mara ya kwanza, mara ya pili. Nyundo ilikuwa pale. Nilimpiga nayo gotini, nikasikia mfupa ukipasuka kama kikombe. Mdogo wake akanipiga mateke ya mbavu nikiwa chini mpaka mafundi wakamvamia, na wao hawakumwonea huruma. Damu tuliimwagia mchanga. Mkubwa sasa anatembelea gongo, na sijutii hata kidogo. Nakuambia ili ujue kuwa hasira si mali yako peke yako katika familia hii.

Kodi nimelipa ya miezi ile mitatu, vile vile ulivyonifundisha, kila shilingi ya mauzo nikiigawa kwa tano. Imenikausha. Nilibaki na pesa ya chuma isiyotosha hata dirisha moja. Nikampunguza fundi mmoja, akarudi na nondo akapasua vioo vya ofisi akinitaja kwa majina ambayo sitayaandika. Najiuliza Taratibu alikuwa anawezaje kulipa kodi hii na bado tukala. Halafu najijibu kwa jibu lako, kwamba alikuwa haipeleki yote.

Kuna kitu sikutaka kukuandikia. Nilikuwa nafanya hesabu kando ya kitanda chake, kwa sauti, gawa kwa tano, gawa kwa tano. Akaanza kutikisa kichwa. Sikumjali. Akachukua kikombe kwa mkono wa kushoto akanitupia, kikanichana juu ya nyusi. Nami nikamzaba kofi, tena upande wa taya lililovunjika. Nimempiga mtu asiyeweza kunyanyuka kitandani, mdogo wangu. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kabla sijajua.

Hakulia. Aliokota kijiko cha uji akachora mstari mrefu juu ya blanketi, kisha akaukata karibu na mwisho. Unaikumbuka ile tabia yake ya kuchora chaki kwenye kila bomba jipya, mita tano huku na mita moja kule, hata kabla hajajua litatumika wapi? Mafundi walikuwa wakimwita mshonaji. Nilidhani ameikumbuka kazi. Nilimfuta uji nikatoka nje.

Karatasi bado iko kabatini.

Dada yako


Gerezani, 20 Aprili

Dada, shikamoo na pole ya mbavu.

Kusikia umevunja goti la mtu yule nimecheka mpaka wenzangu wakadhani nimepata kichaa. Nikitoka nitamvunja la pili ili asitembee upande.

Lakini lile kofi usilililie. Mwizi akisikia hesabu yake inasomwa kwa sauti lazima arushe vikombe. Unafikiri kwa nini anatikisa kichwa? Hataki uijue. Anajitia hamnazo mwaka wa pili sasa, na wewe unamlisha.

Naona barua zako zinazunguka siku ile kama paka anayezunguka samaki. Basi niiseme mimi, halafu tuiache. Nilimfuata karakana na zile stakabadhi. Nikamuuliza milioni moja na laki mbili ziko wapi. Mtu mkweli angejibu. Yeye aliniinulia mkono, ngoja, akalivuta bomba jipya la inchi mbili, akachora chaki yake, akawasha msumeno na kukata kipande cha mita moja mbele ya macho yangu. Akakiinua. Ningengoja nini, dada? Mtu amebanwa, anajitengenezea rungu, niseme asante? Nikakiwahi. Nilimpiga mpaka mkono ukachoka, na ulipochoka nilibadilisha mkono. Hakimu nilimweleza hayo hayo.

Wewe ulikuwa umesimama mlangoni. Ulikiona kipande. Sasa weka saini, nimechoka kulala na mgongo ukutani.

Mdogo wako


Karakana, 15 Juni

Jogoo,

Mpwa wako hajambo. Mafundi hawajambo. Nimeanza na hao kwa sababu nikianza na mengine sitafika mwisho.

Sikuweza kuendelea kulipa. Nikabeba risiti zangu zote kwenye mfuko nikaenda ofisi ya kodi, nikiwa nimejiandaa kugombana. Nilimkuta mama mmoja dirishani, mnene, mwenye miwani ya kamba. Nikaanza kufoka kwamba wanatuua. Akaningoja nimalize. Kisha akaniuliza, “Mama, asilimia ishirini ya kitu gani?”

Nikasema ya bei.

Akasema, “Ya bei kabla ya kodi. Geti lako thamani yake ni laki moja. Unaongeza elfu ishirini, mteja anakupa laki moja na ishirini elfu. Humo ndani kodi ni elfu ishirini, mbona wewe unatuletea elfu ishirini na nne?”

Nikamwambia moja ya tano ni moja ya tano.

Akanigeuzia kikokotoo. “Haya, toa hiyo elfu ishirini na nne yako. Zimebaki elfu tisini na sita. Asilimia ishirini ya tisini na sita ni ngapi?” Ikatoka elfu kumi na tisa na mia mbili. “Umeona haifungi? Unatoza kodi mpaka juu ya kodi yenyewe. Ukiongeza, unaongeza moja ya tano. Ukiitoa kwenye pesa ambayo imeshaongezwa, ni moja ya sita. Tano zako, moja yetu. Ulizozidisha utaziombea marekebisho, ziko salama.”

Nilimwomba arudie. Akarudia bila kukunja uso, yule mama, na mimi nilikuwa nimeingia nikimtukana.

Tano zako, moja yetu. Nilitoka pale nikiyarudia njia nzima. Bomba la dukani lina urefu gani, Jogoo? Umelibeba begani tangu una miaka kumi na saba. Mita sita.

Nikawaambia mafundi wamtoe Taratibu na kiti chake, wamlete karakana. Hakuwa ameingia tangu siku ile. Alipoona sakafu aligeuza uso kuelekea mlangoni, nikakaribia kumrudisha. Nikalaza bomba jipya mbele yake. Nikapima, nikachora chaki kwenye mita ya tano. Nikamwambia, “Hizi tano zetu. Hii moja ya serikali. Bei nzima ndiyo bomba lote.”

Alitoa sauti. Si neno, ni sauti ya kitu kilichokuwa kimemkaba, na fundi mmoja akadondosha kofia ya kulehemia. Alilia kwa jicho moja mpaka kifua cha shati kikaloa. Nilipiga magoti nikamshika miguu, maana lile taya nimelipiga hata mimi.

Sasa chukua kalamu, mdogo wangu, na usiruke hata mstari mmoja. Milioni thelathini na sita, gawa kwa sita. Milioni sita. Toa ya manunuzi, milioni mbili na laki nne. Zinabaki milioni tatu na laki sita. Stakabadhi za benki ulizomtupia usoni zilisemaje? Milioni tatu na laki sita. Alilipa yote. Ile milioni moja na laki mbili haikuibwa na mtu. Ilikuwa yetu wenyewe, ilikuwa kwenye chuma, kwenye ada ya mpwa wako, kwenye sahani yako wewe uliyekuwa unakula kwetu kila mchana.

Na kile kipande hakikuwa rungu. Alikuwa anakuonyesha kodi.

Dada yako


Gerezani, 9 Julai

Dada, shikamoo.

Natumaini mpwa hajambo. Chakula cha huku ni kile kile. Mwandiko usikushangaze, naandika kwa mkono wa kushoto.

Barua yako nilisema ni ya mwanamke aliyechoka kulisha mgonjwa, ametafuta njia ya kumpenda upya. Nikaenda kwa mhasibu mmoja tuliye naye, kafungwa kwa kughushi lakini hesabu anazijua. Nikamwambia tu, geti laki moja na ishirini elfu, kodi imo ndani, asilimia ishirini, ngapi ya serikali? Akasema elfu ishirini bila kuinua kichwa. Nilimng'oa meno mawili ya mbele. Nikamfuata mpishi, aliwahi kuwa na duka la vifaa. Naye akasema elfu ishirini. Nilimpindulia sufuria la maji ya moto miguuni, ngozi ikatoka na soksi. Wa tatu alikuwa askari aliyekuwa ananipeleka chumba cha adhabu. Mkewe ana duka. Mikono yangu ilikuwa kwenye pingu. Akasema, “Unagawa kwa sita, Jogoo. Kila mwenye duka anajua.”

Nimekaa humo peke yangu. Hakukuwa na mtu wa kupiga, kwa hiyo nilipiga ukuta mpaka mkono wa kulia ukavimba kama glavu ya kulehemia.

Siku ile alikuwa na mdomo, dada. Ulimi ulikuwepo, taya lilikuwepo. Kwa nini hakusema kwa mdomo? Neno moja tu lingetosha. Mtu mzima anaulizwa swali la pesa anaenda kuwasha msumeno? Nijibu hilo. Na uniambie kile kipande kiko wapi.

Karatasi sijui niseme nini. Bado naitaka.

Mdogo wako


Karakana, 3 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Mpwa wako amekuwa wa tatu darasani. Vioo vya ofisi nimeweka vipya. Kodi ya mwezi uliopita nimelipa sawasawa, ikabaki pesa ya chuma, nikamrudisha na yule fundi wa nondo. Aliomba radhi akiwa ameinamia viatu vyake.

Umeniuliza kwa nini hakusema. Alikuwa anasema. Unamjua shemeji yako tangu anakuja kunichumbia. Alimfundisha kila fundi hapa hivyo hivyo, kitu kwanza mkononi, maneno baadaye. Wewe mwenyewe alikufundisha kulehemu kwa kukupa kwanza vipande viwili vilivyokatika, halafu ndipo akafungua mdomo. Maneno yalikuwa yanakuja, Jogoo. Hukuyangoja.

Na mimi pale mlangoni nilikiona kipande, na nilidhani kama ulivyodhani.

Mahakama ilikirudisha kesi ilipokwisha. Kiko hapa mezani. Kimepinda katikati. Nimejaribu kukinyoosha kwa nyundo, kimekataa, kwa hiyo nakitumia kushikilia risiti zisipeperuke ninapofanya hesabu za mwezi.

Barua yako nilimsomea mume wangu, na zile za nyuma pia, hata pale uliposema nimshike mkono nimgandamizie. Alisikiliza yote akinitazama kwa jicho lake moja. Kisha akaonyesha kabati la vikombe. Nikajitia sioni. Akagonga kitanda, akaonyesha tena. Nikaitoa karatasi na wino nikamwambia hapana, si leo, ngoja kwanza. Nilimshika kiganja kabisa ili asiweze. Akakitoa mkononi mwangu polepole, akachovya dole gumba la kushoto, akaliweka pale linapotakiwa. Halikutoka nje ya mstari hata kidogo. Ndivyo alivyo, kazi yake haijawahi kuvuka mstari.

Kwa hiyo upande wake umemaliza. Nafasi iliyobaki ni yangu. Afisa ustawi amepita mara mbili kuuliza, nikampa chai akaondoka.

Nimejiambia hivi. Siku nitakapomlisha uji mpaka bakuli likaisha bila kuuona mkono wako ukimpiga, nitatia saini siku hiyo hiyo na kuipeleka mwenyewe. Nakuandikia asubuhi, bakuli liko hapa pembeni yangu. Nilijaribu leo. Tumefika nusu.

Dada yako